Mkopo wa Chuo Kikuu na Shahada ya Fizikia: Tuupime kwa Mizani Gani?

Walimu wa sekondari kisiwani Pemba huulizwa kila mwaka swali moja ambalo halimo katika muhtasari wa somo lolote. Huulizwa na mwanafunzi anayependa fizikia, au na mzazi aliyefika skuli kutaka kujua maendeleo ya mwanawe. Swali lenyewe ni hili: je, yafaa kijana achukue mkopo, akasome fizikia chuo kikuu kwa miaka 3, kisha arudi nyumbani na shahada mkono mmoja na deni mkono wa pili? Mimi pia niliulizwa swali hilo mjini Chake Chake na kijana aliyekuwa akijiandaa kuingia mchepuo wa Fizikia, Kemia na Hisabati. Alisema hivi: "Mwalimu, fizikia naiweza. Deni silijui."

Jawabu nililompa siku ile lilikuwa fupi na halikunitosheleza mwenyewe. Makala haya ni jawabu refu zaidi. Nitajaribu kuonyesha kuwa watu wengi huupima mkopo huu kwa mizani isiyo yake. Huutazama ukubwa wa deni wakaogopa, au huutazama mshahara wakafurahi, ilhali kitu kizito kuliko vyote hawakiweki katika mizani. Kitu hicho ni muda ambao mhitimu hukaa bila kazi. Kisha nitatoa maoni yangu juu ya namna taifa linavyoweza kumpunguzia mzigo mhitimu wa fizikia anayekubali kurudi kufundisha Pemba.

Deni si jambo geni Pemba

Mpemba hahitaji kufundishwa maana ya deni. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kukiacha kisiwa chetu bila madhara makubwa, na tangu wakati huo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar imetoka Pemba. Mkarafuu humtaka mkulima asubiri miaka mingi kabla ya kumpa mavuno ya kwanza, na hata ukishaanza kuzaa hauzai sawasawa kila msimu. Kwa hiyo mkulima alikopa. Alikopa kwa ajili ya chakula, arusi, palizi na ujira wa wachumaji, akaweka rehani karafuu zilizokuwa bado mtini au shamba lenyewe. Bei ya karafuu ilipoanguka, deni halikuanguka pamoja nayo.

Hali hiyo ilifika mahali ambapo mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria za kusimamisha kwa muda madai ya madeni na kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo. Ugomvi wa biashara ya karafuu uliofuata uliwafanya wafanyabiashara wa Kihindi wasusie karafuu za Zanzibar katika miaka ya 1937 na 1938. Sikusudii kueleza historia hiyo yote hapa. Nataka msomaji akumbuke jambo moja tu, kwamba deni la mkulima yule lilikuwa baya kwa sababu ya masharti yake zaidi kuliko ukubwa wake. Lilidaiwa kwa kiasi maalumu, mavuno yawepo au yasiwepo, na dhamana yake ilikuwa shamba.

Kuna namna nyingine ya kudaiwa, ambapo mdai huchukua sehemu ya mavuno. Mavuno yakiwa mengi huchukua kingi, yakiwa machache huchukua kichache, na yasipokuwepo husubiri. Mzee wa Kipemba atakwambia mara moja ni deni lipi kati ya haya mawili analoweza kulilala nalo. Basi na tuulize kama mkopo wa chuo kikuu ni rehani ya shamba au ni sehemu ya mavuno.

Masharti ya mkopo

Mwanafunzi wa Zanzibar hana budi kujua kuwa zipo bodi mbili. Ya kwanza ni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ya pili ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Masharti ya bodi hizi si lazima yafanane, na kila mkopaji anapaswa kuusoma mkataba wake kabla ya kutia sahihi. Katika makala haya nitatumia masharti ya bodi hii ya pili.

Bodi hiyo humkata mhitimu aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016 makato yalikuwa asilimia 8. Zaidi ya hayo ilikuwepo tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa aliyechelewa kulipa. Tozo hiyo na adhabu hiyo zote mbili ziliondolewa mwaka 2021.

Sasa tufanye hesabu. Bodi hutoa shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, kiwango kilichopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2023. Tukichukua siku 240 kwa mwaka, tunapata shilingi 2,400,000 kwa mwaka, au 7,200,000 kwa miaka 3. Tuongeze ada, vitabu na mahitaji mengine, tuseme 4,800,000 kwa miaka yote mitatu. Jumla ni shilingi 12,000,000. Tuchukulie pia kuwa mhitimu anaanza kazi kwa mshahara wa msingi wa shilingi 700,000. Takwimu hizi mbili ni za mfano tu, na msomaji anaweza kuweka zake.

Asilimia 15 ya 700,000 ni 105,000. Ukigawa 12,000,000 kwa 105,000 unapata miezi 114 na kidogo, yaani miaka 9 na nusu. Mshahara ukipanda, muda huo hupungua. Ni muda mrefu, lakini una mwisho, na mwisho wake unajulikana.

Tozo ya zamani ilikuwa na kazi gani katika hesabu hii? Jambo hili linafaa sana kufundishiwa darasani. Tufikirie pipa la maji lenye tundu chini na bomba juu. Tundu hutoa maji kwa kasi isiyobadilika, na haya ndiyo makato. Bomba huingiza maji kwa kasi inayolingana na maji yaliyomo, na hii ndiyo tozo. Katika deni letu la mfano, tozo ya asilimia 6 ingeongeza shilingi 720,000 mwaka wa kwanza. Makato ya asilimia 15 yangetoa 1,260,000. Pipa lingepungua, lakini zaidi ya nusu ya kila malipo ya mwanzo ingekwenda kufidia kilichoingia. Deni lile lile lingemalizika baada ya miaka 14 na nusu hivi, na mhitimu angekuwa amelipa zaidi ya milioni 18 kwa mkopo wa milioni 12.

Na kama makato yangebaki asilimia 8? Hapo yangetoa shilingi 672,000 kwa mwaka, ilhali zinaingia 720,000. Mhitimu angelipa kila mwezi bila kukosa, na mwisho wa mwaka deni lake lingekuwa 12,048,000. Lisingekwisha mpaka mshahara wake upande vya kutosha kuyafanya makato yazidi tozo. Mwanafunzi wa fizikia ataona hapa kitu anachokijua: kipo kiwango fulani cha mpaka, na chini ya kiwango hicho mfumo mzima hubadili mwelekeo. Kwa hiyo kuondolewa kwa tozo mwaka 2021 hakukuwa msaada mdogo. Kulibadili deni kutoka lile linaloweza kukua peke yake na kuwa lile linalopungua tu.

Hata hivyo upo upande wa pili. Kwa aliyejiajiri, masharti yametaja asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi au kiwango cha chini cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwajiriwa anakatwa sehemu ya mavuno. Aliyejiajiri, ambaye kipato chake ndicho kisicho na uhakika, anawekewa kiasi maalumu. Kijana anayefunga vioo vya umeme wa jua huko Micheweni na kupata shilingi 200,000 katika mwezi mbaya, akidaiwa 100,000, ametoa nusu ya pato lake. Hilo linakaribia sana lile deni la zamani la karafuu. Kwa maoni yangu asilimia ingetumika kwa wote, bila kiwango cha chini.

Uzito wa kusubiri

Nimesema kuwa kitu kizito kuliko vyote ni muda wa kukaa bila kazi. Ushahidi wake ni mgawanyo mmoja rahisi. Ukigawa deni la 12,000,000 kwa mshahara wa 700,000 unapata miezi 17 na siku chache. Maana yake ni kwamba mhitimu anayekaa miezi 18 nyumbani akisubiri ajira amekosa fedha nyingi kuliko deni lake lote. Akikaa miaka 3, amekosa zaidi ya mara mbili ya deni.

Tuitazame pia njia ya mwenzake ambaye hakwenda chuo kikuu. Tuseme alipata kazi baada ya Kidato cha Sita kwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Katika miaka 3 amepata 9,000,000, ambazo mwanachuo hakuzipata. Mwanachuo akiajiriwa mara tu baada ya kuhitimu, baada ya makato ya mkopo hubakiwa na 595,000, yaani 345,000 zaidi ya mwenzake. Kwa miezi 26 hivi atakuwa ameifidia ile milioni 9. Lakini akikaa miaka 4 bila kazi, pengo linafika 21,000,000, na kulifidia kunahitaji miezi 61. Deni katika njia hizo mbili ni lile lile, na tofauti yote imeletwa na kusubiri. Sikuhesabu kodi na makato mengine, maana hayabadili maana ya mfano.

Kwa hiyo kijana aliyeniambia "deni silijui" alikuwa akiuliza jambo la pili kwa umuhimu. La kwanza ni hili: shahada ya fizikia hukaa muda gani kabla ya kupata kazi, na ni nini kinachoufupisha muda huo?

Fizikia peke yake na fizikia yenye kazi

Hapa sina budi kusema ukweli ambao sisi walimu wa vyuo vikuu tunachelewa kuusema. Pemba inaihitaji fizikia kila mahali, lakini ni nadra sana kuona tangazo la kazi linalomtaka mwanafizikia.

Tazama mifano michache. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na umeme wa Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, kwa msaada wa Norway, nasi tukaachana na kutegemea mitambo ya dizeli. Huwezi kueleza waya ule bila uwezo wa umeme, ukinzani na upotevu wa nguvu njiani. Hospitali ya Abdalla Mzee ya Mkoani ina kazi za eksirei. Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyoanzishwa mwaka 2000, ambayo hadubini na vyombo vyake vya vipimo ni matunda ya fizikia. Uwanja wa ndege hauendi bila vipimo vya upepo na kanieneo ya hewa. Mashamba ya mpunga ya pwani yanaingiliwa na maji ya chumvi, na kupima mwenendo wa maji hayo ni kazi ya fizikia pia.

Lakini shirika la umeme humtafuta mhandisi au fundi. Hospitali humtafuta mtaalamu wa eksirei. Mamlaka ya hali ya hewa humtafuta aliyesomea hali ya hewa. Tume ya Nguvu za Atomiki, na Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, huwahitaji wanafizikia, ila nafasi zao ni chache na mara nyingi hudai masomo ya juu zaidi ya shahada ya kwanza. Mwenye shahada ya fizikia tupu huyajua mambo ya msingi ya kazi zote hizo, na hana cheti cha hata moja.

Haimaanishi kuwa shahada hiyo haina thamani. Maana yake ni kwamba thamani yake huonekana inapoungana na kazi. Njia iliyo karibu kuliko zote kwa kijana wa Pemba ni ualimu. Anaweza kusoma Shahada ya Sayansi na Ualimu tangu mwanzo, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar au katika vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vya Chang'ombe na Mkwawa. Anaweza pia kumaliza shahada ya fizikia kisha akaongeza mwaka mmoja wa stashahada ya ualimu. Njia ya kwanza humwokoa mwaka huo. Njia nyingine ni kuongeza ufundi: umeme wa jua, utengenezaji wa vyombo vya maabara na hospitali, au uandishi wa programu za kompyuta. Aliye bora darasani asisahau kuwa tangu mwaka 2022 upo Ufadhili wa Samia kwa wanafunzi waliofaulu sana masomo ya sayansi Kidato cha Sita, na ufadhili huo hauleti deni.

Somo la mwaka 1966

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba deni ni la mhitimu kwa serikali tu. Yupo mdai mwingine, nao ni wananchi. Taifa letu liliwahi kuligombania jambo hili hadharani.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine, waliandamana kupinga mpango wa kuwaingiza wasomi wote katika Jeshi la Kujenga Taifa. Sehemu ya mpango huo ilikuwa kwamba kwa miezi 18 ya utumishi wao msomi apokee asilimia 40 tu ya mshahara. Rais Nyerere aliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300, na wakati huo huo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hoja yake ilikuwa kwamba waliosomeshwa kwa jasho la wakulima wanadaiwa utumishi na wakulima hao.

Tuipime sadaka ile kwa hesabu. Kukosa asilimia 60 kwa miezi 18 ni kukosa mshahara wa miezi 10 na sehemu 8 za kumi. Kwa makato ya sasa ya asilimia 15, kiasi hicho hulipwa kwa miezi 72, yaani miaka 6 kamili. Deni la mhitimu wetu wa mfano ni mshahara wa miezi 17. Hivyo kijana wa leo anayerudi Pemba kufundisha fizikia amebeba, kwa kipimo cha mshahara, mzigo mkubwa kuliko ule ulioleta maandamano ya 1966, naye ameubeba bila kelele.

Lakini ipo tofauti moja ya msingi. Mwaka 1966 taifa lilidai utumishi, na fedha ilipunguzwa kwa ajili ya utumishi huo. Leo taifa linadai fedha, na utumishi hauhesabiwi. Mhitimu anayefundisha fizikia katika skuli ya ndani huko Wete au Mkoani, na mwenzake mwenye mshahara ule ule aliyekaa ofisini mjini, wanakatwa sawasawa. Zanzibar, ambayo ilitangaza elimu bure tarehe 23 Septemba 1964, ingepaswa kuwa ya kwanza kuona kasoro hiyo.

Pendekezo

Napendekeza kwamba mhitimu wa fizikia anayefundisha somo hilo katika skuli ya serikali kisiwani Pemba asikatwe mkopo kwa kila mwaka anaofundisha, na makato ya mwaka huo yahesabiwe kuwa yamelipwa. Akiondoka kwenda kazi nyingine, makato yaanze tena kwa deni lililobaki. Asifungwe kwa mkataba wa miaka mingi wala asisamehewe kitu kabla ya kufanya kazi. Kila mwaka ujilipie wenyewe.

Jambo hili si geni duniani. Marekani, mwalimu wa sayansi au hisabati aliyefundisha miaka 5 mfululizo katika shule za maeneo ya watu wenye kipato cha chini anaweza kusamehewa hadi dola 17,500 za mkopo wake. Uingereza nayo iliweka utaratibu wa kuwarudishia walimu wa sayansi, katika baadhi ya maeneo, fedha walizokatwa kwa ajili ya mikopo. Nchi tajiri zinafanya hivyo kwa sababu zimeona kuwa mwanafizikia ana milango mingine, na mlango wa darasani haujazi wenyewe.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba fedha za marejesho ndizo zinazowasomesha wanafunzi wanaofuata, hivyo kusamehe mmoja ni kumnyima mwingine. Pingamizi hii ni ya haki. Kwa hiyo sisemi bodi isamehe. Nasema serikali ilipe bodi kwa niaba ya mwalimu. Kwa mfano wetu, walimu 50 wa fizikia wangeigharimu shilingi 63,000,000 kwa mwaka.

Ya pili ni kwamba walimu wa masomo mengine watalalamika. Nao wana haki ya kuuliza, na jawabu ni kwamba kigezo kiwe uhaba. Somo lolote ambalo wizara itaona halina walimu wa kutosha liingizwe, na somo likipata walimu wa kutosha liondolewe. Fizikia na hisabati zianze, kwa sababu mwanafunzi aliyekosa mwalimu wa masomo hayo mawili amefungiwa uhandisi, udaktari na hali ya hewa kwa pamoja.

Ya tatu ni kwamba gharama ni kubwa kwa faida ndogo. Tuhesabu. Mwalimu mwenye mikondo 3 ya wanafunzi 40 anawafundisha 120. Tukichukua kuwa kila mwaka anapokea 120 wapya, katika miaka 10 amefundisha 1,200. Gawa deni lake la 12,000,000 kwa wanafunzi 1,200 na utapata shilingi 10,000 kwa mwanafunzi mmoja. Ni kiasi kile kile ambacho bodi humpa mwanachuo mmoja kwa chakula na malazi ya siku moja. Sijui njia rahisi kuliko hiyo ya kumfikishia mtoto wa Kengeja au Konde sheria za Newton.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Pendekezo hili halijakubaliwa na yeyote, na mwanafunzi hawezi kuijenga nafasi yake juu ya maoni ya makala. Kwa hiyo namalizia na yale anayoweza kuyafanya kwa masharti yaliyopo leo.

Kwanza, usiikimbie fizikia kwa kuogopa deni. Deni linalokatwa kwa asilimia ya mshahara, lisilo na tozo ya kulikuza, si rehani ya shamba.

Pili, usiichague fizikia tupu bila kujua kazi utakayoiunganisha nayo. Jiulize swali hilo kabla ya kujaza fomu za chuo, maana kila mwaka wa kusubiri baadaye utakugharimu kuliko mwaka wa mkopo.

Tatu, soma mkataba, ujue ni bodi ipi, asilimia ngapi, malipo yanaanza lini, na masharti ya aliyejiajiri ni yapi. Chukua kiasi unachohitaji tu.

Nne, kwa walimu wenzangu: hesabu hizi zipelekwe darasani. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kuchora grafu ya deni lenye tozo na deni lisilo na tozo, akatafuta mwenyewe kile kiwango cha mpaka. Atajifunza mfuatano wa namba na milinganyo, na atakapofika mbele ya karatasi ya mkopo hatakuwa akiiona kwa mara ya kwanza.

Yule kijana wa Chake Chake aliingia mchepuo alioupenda. Nilipoonana naye tena aliniambia kuwa anataka Shahada ya Sayansi na Ualimu, na kwamba hesabu aliifanya yeye na baba yake, jioni moja, juu ya gunia la karafuu, kwa kalamu ya risasi. Nilimwuliza walipata miaka mingapi. Akasema, "Tulipata 10, Mwalimu. Baba akasema mkarafuu nao hausubiriwi pungufu sana ya hiyo."